Makande ya Abiria

Mwaka ule wa masika makubwa, vijiji vya ujamaa vikiwa bado vinanukia matofali mabichi, bonde lote la Mnazi halikuwa na nahodha mwenye sauti kama ya Efrazia, mama Danieli. Wapo waliosema bonde lote la Mnazi halikuwa na nahodha mwingine kabisa, kwa hiyo sifa hiyo ni ya bure. Basi na iwe ya bure. Vya bure navyo vina wenyewe.

Chombo chake kilikuwa kivuko cha umma. Wilaya ndiyo iliyokileta, kivushe wananchi mto Umba unapofura: mapipa sita matupu ya mafuta, mbao zimepigiliwa juu yake, na kamba nene iliyofungwa kwenye miti miwili, mmoja ng'ambo hii na mmoja ng'ambo ile. Ng'ambo hii kulikuwa na nyumba, shule na zahanati. Ng'ambo ile kulikuwa na mashamba ya mpunga na njia ya milimani, wanakoshukia wauza kabichi na viazi. Ubavuni kiliandikwa TEGEMEA kwa rangi nyeupe. Kilichukua watu kumi na wawili wakikaa kwa heshima, kumi na watano wakikaa kwa upendo.

Efrazia na wanawake wawili wa zamu walishika kamba wakavuta, naye ndiye aliyetoa amri. Alikuwa amelima miaka thelathini na hakuna siku mtu alisimama kando ya shamba akasema, "Ahsante, mama Danieli, kwa kulima." Lakini tangu apewe kivuko aliitwa Nahodha. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, Mzee Bakari, alisubiri ruhusa yake ndipo anyanyue mguu. Mtu akishaonja utamu huo, kumrudisha kwenye jembe tupu ni dhambi.

Jumatatu asubuhi akaja kijana mmoja amevaa miwani, ana faili kwapani, viatu vimeng'arishwa kwa ajili ya matope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Panda, keti, usishike kamba. Ukitaka kutapika, tapikia upande maji yanakokwenda."

Kijana akajitambulisha: yeye ni Nathanaeli, karani wa takwimu kutoka Lushoto, ametumwa kuhesabu abiria na kupima kuridhika kwao. Kisha, kabla hata hajameza mate, akanyoosha kidole na kuanza. "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne..."

Alifika saba. Mama mmoja wa milimani akamfunika mtoto wake kwa kanga kama kuku anayeona kipanga, akasema kwa Kishambaa neno lisilofaa kuandikwa. Akashuka. Wa pili akashuka. Mzee mmoja hakusubiri hata ubao, akaingia majini hadi kiunoni na kikapu chake cha viazi kichwani. Kufumba na kufumbua, hata wa zamu wameshuka, kivuko kikabaki na Efrazia, karani na mbuzi mmoja aliyeachwa na mwenyewe.

"Wamepatwa na nini?" akauliza Nathanaeli, kidole bado kiko hewani.

"Kwanza kishushe hicho kidole," akasema Mzee Bakari kutoka ukingoni. "Ndugu karani, kwetu mtu huhesabiwa akiwa amepotea au amekufa. Sisi tumekosa nini?"

"Kinachohesabiwa kwa kidole hupungua," Efrazia akamsaidia. "Hata watoto wangu sikuwahi kuwahesabu. Naangalia tu nani hayupo kwenye sahani."

Nathanaeli akafungua faili. Alikuwa mtoto wa mjini, lakini hakuwa mbaya. "Mama, mimi natumwa tu. Barua inasema hivi: kivuko kivushe abiria mia tatu katika siku tatu, na walioridhika wawe wengi kuliko wasioridhika. Kikipungukiwa, kinapelekwa kijiji kingine huko chini. Wamekiomba siku nyingi. Alhamisi saa sita mchana gari linakuja kunichukua mimi na jibu."

"Na mpaka sasa umeandika abiria wangapi?"

"Sifuri."

Efrazia akaiachia kamba. Akamtazama TEGEMEA anavyocheza juu ya maji, akautazama mti uliofungwa kamba, akaona jembe lake limesimama pale linamcheka.

"Subiri," akasema. "Umewahi kupika harusi?"

"Mimi?"

"Basi sikiliza. Kwetu, ukitaka kujua harusi ina vinywa vingapi, kila nyumba huleta punje moja ya maharage kwa kila kinywa. Zinahesabiwa punje, watu wanabaki salama. Weka chungu hapa kivukoni. Kila anayevuka atie punje. Nyeupe ameridhika, nyekundu hakuridhika. Utapata yote mawili bila kumnyooshea mtu kidole."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na punje hizo baadaye mnazifanyaje?"

"Zinapikwa. Tuzitupe?"

Karani akacheka. Lau angejua, angelia.

Basi siku tatu hizo kivuko kilikuwa sikukuu. Chungu kilifungwa kwenye nguzo, na pembeni vibakuli viwili, cha punje nyeupe na cha nyekundu. Watu waliokuwa na safari wakavuka, wasio na safari wakaja kutazama wenye safari. Nathanaeli alikaa na daftari lake.

"Mzee, umeridhika?"

"Na nini?"

"Na huduma."

"Huduma gani tena, mwanangu? Mimi nimepanda pantoni."

"Basi umeridhika na pantoni?"

"Na pantoni nimeridhika. Na mke wangu sijaridhika, yuko pale nyuma amekaa na furushi. Natia rangi gani?"

Mama mmoja mjamzito akatia punje mbili. Ukazuka mjadala kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile. Wengine walisema aliye tumboni hajapanda, amebebwa. Wengine wakasema basi na mizigo nayo itiwe. Efrazia akakata shauri kwa sauti yake ya tarumbeta: "Akizaliwa atakuja kutia mwenyewe! Toa moja!"

Kila jioni chungu kilipelekwa jikoni kwa Fatuma, kwa kuwa nyumbani kwa Fatuma ndiko walikofikia wageni wa kijiji, na jiko lake halikuwa na panya. Fatuma huyu alikuwa wifi yake Efrazia. Mmoja alisali Ijumaa, mwingine Jumapili, na ugomvi wao haukuwa na siku maalumu. Lakini wiki ile Fatuma hakuwapo. Alikuwa Mlalo kwa binti yake aliyejifungua, ufunguo amemwachia wifi. Nathanaeli hakutaka kuhesabu kidogokidogo. "Utaratibu," alisema, "ni kuhesabu mara moja, mwisho, mbele ya mashahidi."

Na hapo ndipo shetani alipompata Efrazia, au yeye ndiye aliyempata shetani. Wawili hao walifahamiana zamani.

Jumatatu jioni, akiwa peke yake jikoni, aliinama juu ya chungu. Kilionekana kitupu kuliko alivyotarajia. Akatoa mfukoni konzi moja ya maharage meupe ya shambani kwake akaitia. "Hawa ni wale walioshuka asubuhi," akamwambia paka. "Walikuwa wameridhika kabla ya kidole." Jumanne akatia konzi mbili, na punje nyekundu alizoziona juujuu akazitoa, maana zilikuwa za watu asiowapenda. Jumatano alfajiri hakuhesabu tena makonzi. Chungu kikaanza kushiba.

Jumatano hiyo alasiri, chungu kimewahi kurudishwa jikoni na kijiji kizima kiko bado mtoni kikisimuliana habari za abiria wa mwisho, Fatuma akarudi. Hakupita kivukoni. Fatuma hakuwahi kupanda TEGEMEA hata siku moja. Alipita juu, mwendo wa saa nzima, penye gogo lililoanguka. "Maji hayana mpini," alizoea kusema. "Ukiyashika, unashika nini?" Akafungua jiko lake kwa ufunguo wa akiba, akaona begi la mgeni, akaona chungu kimejaa maharage yamechambuliwa, hayana jiwe wala mdudu. Fatuma alijua mila. Maharage yakishaingia jikoni, ni chakula. Na mgeni anayeondoka kesho hapewi mchicha. Akabandika sufuria kubwa, akamimina na mahindi, akapika makande.

Makande gani yale! Jioni wakaketi barazani: Nathanaeli, Mzee Bakari, Efrazia na wenye nyumba. Karani akala sahani ya kwanza kimya. Ya pili akasema, "Mama, haya yanashinda ya mama yangu, na asiambiwe." Ya tatu akafungua mkanda tundu moja. Kisha akapangusa mdomo.

"Haya. Sasa tuleteeni chungu tuhesabu, jua halijazama."

"Chungu gani?" akauliza Fatuma.

"Cha maharage. Kilikuwa jikoni."

Fatuma akatazama sufuria. Efrazia akatazama sufuria. Mzee Bakari, aliyekuwa na kijiko njiani, akakisimamisha kidevuni.

"Wifi," akasema Efrazia polepole, "niambie umenunua maharage Mlalo."

"Ninunue wakati ninyi mmenijazia chungu? Nikasema leo wifi yangu amenikumbuka, Mungu amemgusa!"

"Ilikuwa ni hesabu ya serikali ile!"

"Jikoni kwangu hakuna ofisi! Mkitaka ofisi, ombeni kiwanja."

Nathanaeli alikuwa amesimama, ameshika tumbo kwa mikono miwili, si kwa maumivu bali kama mtu anayeshika faili. "Nimewala," akasema. "Siku tatu za kazi. Abiria wote. Nitaandika nini? Kwamba takwimu zilikuwa zimeiva?"

"Ulirudia mara mbili," akamkumbusha Fatuma.

"Basi andika ameridhika," akasema Mzee Bakari, akamalizia kijiko chake.

Efrazia akataka kucheka na kulia kwa pamoja. Kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba karibu theluthi ya makande yale ilikuwa ni uongo. Uongo wake ulikuwa umeliwa na hakuna aliyeonja tofauti. Lakini kweli nayo ilikuwa imeliwa, na gari linakuja kesho saa sita.

"Rudia," akasema.

"Nirudie kula?"

"Kuhesabu! Kesho, tangu jua kutoka mpaka gari lifike. Mia tatu wa siku tatu nitakuvushia asubuhi moja."

Karani akatikisa kichwa. "Mama, sitaki watu wa kupanda na kushuka kama mchezo wa watoto. Abiria ni mtu mwenye safari. Kila mmoja atanitajia anakwenda wapi, kufanya nini, na nitamwona anakwenda. La sivyo siandiki. Na chungu hakitoki mikononi mwangu."

"Sawa," akasema Efrazia. Mia tatu wenye safari za kweli, asubuhi moja, na mfukoni mwake hatakuwa na konzi.

Kengele ya kanisa ikapigwa jioni ileile, na baada ya swala ya magharibi imamu akatangaza, na vijana wawili wakapanda mlima na baragumu la pembe. Habari ikawa moja: kesho kila mwenye safari aliyoiahirisha, aitimize, na kila mwenye miguu, atafute safari.

Alhamisi jua lilipochomoza, Efrazia alifika mtoni akasimama kama mti. Ng'ambo zote mbili hapakuonekana majani. Watu tupu! Wa milimani wameshuka na kabichi, na kwaya yao imevaa majoho. Wa bondeni wamejipanga na vikapu, na majembe, na majogoo.

"Onga makeo, Nahodha!" watu wa milimani wakamwamkia kwa Kishambaa kutoka ng'ambo.

"Onga! Msisukumane! Anayesukuma anavuka mwisho!"

Wakavuta. Wee! Kamba ilitoa moshi. Nathanaeli amekumbatia chungu magotini kama mtoto mchanga, anauliza, anaandika.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Tangu Uhuru sijamjulia hali."

"Wewe?"

"Kumchumbia Raheli mtoto wa mwalimu. Nilikuwa nasubiri siku nzuri, naona leo kuna mashahidi wa kutosha."

Kivuko kizima kikapiga vigelegele, na yule kijana akatia punje nyeupe.

"Na wewe, Mzee Bakari?"

Mwenyekiti akakohoa. "Kwa ndugu yangu Rajabu. Tuligombania mpaka wa shamba. Na shamba lenyewe sasa ni la kijiji, kwa hiyo naona tumebaki tunagombania hewa."

Na kweli akaenda. Watu walimwona Rajabu anatoka shambani, anasimama, halafu wale wazee wawili wanashikana mikono kama wanaopimana nguvu.

Lakini si wote waliotia nyeupe. Efrazia, kamba mikononi, alikuwa na jicho moja kwa maji na jingine kwa chungu. Kila ikidondoka nyekundu aliisikia moyoni, tii! Mmoja alisema mbao zina misumari imetokeza, imemchania kanzu. Mwingine alisema nahodha anapiga kelele kuliko kiasi.

"Nani anapiga kelele?" Efrazia akanguruma, na ndege wakaruka mtini.

Saa tano na nusu ikafika. Mikono yake ilikuwa imechubuka, sauti imebaki nusu ya tarumbeta. Ng'ambo ya nyumbani alibaki mtu mmoja tu, amesimama mbali na maji, kanga ameifunga kiunoni mara mbili.

"Panda, wifi," akasema Efrazia.

"Mimi ni mtu wa gogo."

"Wewe ndiye uliyepika abiria! Leo lipa mmoja."

"Ningekuwa na safari..."

"Umemwacha binti yako Mlalo na kichanga cha siku tano, ukaja kupika. Nani anamkanda?"

Fatuma akaitazama njia ya milimani. Akakaza kanga, akafumba macho, akaweka mguu mmoja ubaoni, akaurudisha. Akauweka tena. TEGEMEA akayumba kidogo tu, na Fatuma akamkumbatia Efrazia shingoni kwa nguvu zote za ugomvi wa miaka ishirini, hata wale wawili wa zamu ikabidi wavute wenyewe. Katikati ya mto alikuwa anasoma dua na kumtukana wifi yake kwa zamu. Walipogusa ng'ambo, watu walishangilia kana kwamba ameshuka kutoka mwezini.

Nathanaeli akamsogezea chungu. Fatuma akafumbua macho, akachukua punje, akaitumbukiza. Nyekundu!

"Wifi!"

"Nimesema siku zote, maji hayana mpini. Chombo cha umma hakina hata pa kushika! Nishike nini, shingo yako? Andika, mwanangu. Andika kwa herufi kubwa."

Na hapo gari likapiga honi.

Wakatandika mkeka. Karani akamwaga chungu mbele ya wote, akahesabu kwa sauti, na safari hii hakuna aliyekimbia, kwa kuwa maharage hayana jina. Efrazia alisimama pembeni, mkono mfukoni. Mfukoni, ewe msomaji, kulikuwa na punje. Si konzi, tatu au nne tu, zilizobaki pindoni tangu Jumatano. Alipofika karani mia mbili na themanini, rundo likiwa limebaki dogo, vidole vikazikamata. Akazigeuzageuza. Halafu akazitoa akazitafuna mbichi, kavu, ngumu kama kokoto, akameza.

"Mia tatu na kumi na moja!" akapaza Nathanaeli. "Nyeupe mia mbili themanini na nane. Nyekundu ishirini na tatu."

Kilichofuata hakielezeki. Kwaya iliimba, majogoo waliponyoka, na Nathanaeli alirushwa juu na miwani yake. Akaondoka na maharage yote ndani ya mfuko wa shuka, maana alisema Lushoto hakuna atakayeamini karatasi tupu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, wiki ambazo Efrazia alivuta kamba huku akitazama barabara. Bahasha ilikuwa ya kaki, ina muhuri. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, akaisoma mwenyewe, amesimama juu ya TEGEMEA, kijiji kikimsikiliza kutoka ukingoni.

"Ndugu Nahodha," akasoma, akanyamaza kidogo ili kila mtu asikie alivyoitwa. "Wakubwa waliitilia shaka idadi ya abiria kwa asubuhi moja. Karani alimwaga maharage mezani. Ilionekana kwamba ripoti yenye wekundu ishirini na watatu haiwezi kuwa ya uongo, kwa kuwa mwongo hajisemi vibaya. Kwa hiyo kivuko kitabaki hapo kilipo."

Ikabidi asubiri vigelegele vipungue. Akajipangusa jasho, si la jua.

"Aidha, kutokana na malalamiko ya abiria mmoja, zitaletwa mbao na mabomba ya kutengenezea mahali pa kushika, pande zote mbili."

"Abiria mmoja ni mimi!" Fatuma akapiga kelele kutoka nyuma. "Msikie! Mpini wa maji umeletwa na mimi!"

"Nyamaza, haijaisha." Efrazia akageuza karatasi. Chini kabisa palikuwa na mstari umeandikwa kwa kalamu, si kwa mashine. "Kuhusu maharage yenyewe, ofisi inasikitika kuwajulisha kwamba hayataweza kurudishwa."

Fatuma akaweka mikono kiunoni.

"Ofisi nzima?" akauliza. "Na nani aliwapikia? Walikumbuka kutia chumvi?"

Akanyanyua mguu akapanda kivukoni bila kusubiri ruhusa, akaenda kuisoma barua mwenyewe.